Kisima cha nyumbani pwani: namna ya kukichimba na kukitunza kisigeuke chumvi

Kisima changu cha kwanza, Kigamboni, kilidumu miaka mitatu. Hakikukauka, maji yalikuwemo tele mpaka siku ya mwisho. Ila mwaka wa pili maharage yalianza kukataa kuiva, sabuni ikawa haitoi povu, na siku moja mama jirani aliyekuwa akichota kwangu akatua ndoo chini, akaniambia, "Baba Neema, haya maji yako siku hizi ni ya kudekia tu." Mwaka wa tatu hata mchicha uliungua majani. Nilikuwa nimechimba kwa gharama, nikaweka pampu kubwa kwa sababu fundi alisema kubwa ndiyo nzuri, na kwa pampu hiyohiyo nikaivuta bahari mpaka jikoni kwangu.

Haya ninayoandika ni kwa anayetaka kuchimba kisima kirefu cha nyumbani Dar es Salaam au kwingine pwani, na kwa aliyekwisha kuchimba akabaki anaomba Mungu. Mtu wa Tanga, Mtwara, Unguja au Mombasa atakuta mengi yanamfaa. Kitakachobadilika ni ofisi za kwenda na majina ya vibali.

Kwanza, ujue kilichopo chini ya kiwanja

Ukikuna nazi, ukakamua tui ukaliacha bakulini, lenye mafuta hupanda juu na la majimaji hubaki chini. Ardhini pwani kuna jambo la namna hiyo. Maji ya mvua yaliyozama mchangani, yale tunayoyaita maji baridi, ni mepesi kuliko maji ya bahari, basi huelea juu yake ndani ya mchanga huohuo. Tofauti ya uzito ni asilimia 2.5 hivi tu, na udogo huo ndio unaoleta matata.

Wahandisi wawili, Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, waliipigia hesabu tofauti hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Walichopata ni hiki: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na mita 40 hivi za maji baridi zilizo chini ya usawa huo. Sasa igeuze hesabu. Ukiyashusha maji ya kisimani kwa mita 1 na kuyaacha hapo siku nenda rudi, chumvi iliyo chini inaweza kupanda hadi mita 40. Kanuni hii ni ya mchanga ulio sawasawa, na udongo wetu una matabaka ya mfinyanzi katikati, kwa hiyo namba haziji hivyo kamili. Lakini mwendo ni huo: unashusha kidogo juu, inapanda sana chini.

Na chumvi inayotosha kuharibu ni kidogo. Chukua ndoo ya lita 20 ya maji mazuri, mimina nusu lita pungufu kidogo, yaani mililita 400, ya maji ya bahari. Hiyo ni asilimia 2 tu, na ulimi wako utakwambia papo hapo.

Dar es Salaam ilianza kutoboa ardhi kwa fujo baada ya ukame wa 1997, Mto Ruvu ulipopungua na mabomba yakakauka. Oktoba 2022 mgao wa maji uliporudi, simu za wachimbaji hazikupumzika. Hivyo ndivyo ilivyo: tunachimba mwaka wa ukame, wakati chini nako mvua haijaingia, na kila mtu anavuta kwa pupa.

Hatua ya 1: Tembea mtaani kabla ya kumwita mtu

Nunua kipimo cha TDS, kile kama kalamu. Kinaonyesha jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka kwa miligramu katika lita. Nenda kwa majirani wenye visima, omba maji kikombe kimoja kimoja, chovya, andika. Chini ya 600 ni maji mazuri kwa ladha. Kati ya 600 na 1,000 yanavumilika. Yakipita 1,000, watu wengi hawayataki kinywani.

Uliza na maswali mawili ambayo ni ya maana kuliko kipimo chenyewe: kisima kina mita ngapi, na maji yalikuwaje kilipochimbwa? Ukisikia "zamani yalikuwa matamu" kwa watu watatu wanaofuatana upande wa baharini, umeshapata jibu ambalo mashine ya kupimia ardhi haitakupa. Angalia pia waliochimba mita 80 wakapata chumvi wakati wa mita 30 wanakunywa. Pwani kwenda chini zaidi hakumaanishi kupata maji matamu zaidi. Wako wachimbaji wanaolipwa kwa mita, wewe jiongeze.

Kipimo cha TDS hakioni vijidudu. Maji ya 150 yanaweza kuwa na kinyesi ndani.

Hatua ya 2: Utafiti na vibali

Mwite mtaalamu wa maji ardhini mwenye leseni. Atapitisha umeme ardhini kwa vyuma anavyovichomeka kwa mstari, asome ukinzani wa udongo kadiri anavyokwenda chini. Mchanga wenye maji baridi huonyesha ukinzani wa kati. Mchanga wenye chumvi huonyesha ukinzani mdogo sana. Tatizo ni kwamba mfinyanzi nao huonyesha mdogo, kwa hiyo mashine peke yake inaweza kumchanganya mtu. Ndiyo maana nilikutuma mtaani kwanza: mpe mtaalamu daftari lako la majirani, atasoma grafu yake vizuri zaidi.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, inasema maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, chini ya udhamini wa Rais kwa niaba ya wananchi. Kiwanja ni chako. Maji yaliyo chini yake si yako peke yako. Nchi imegawanywa katika mabonde 9, na Dar es Salaam iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Huko ndiko kwenye kibali cha kuchimba, na baadaye kibali cha kutumia maji. Mchimbaji naye awe na leseni ya Wizara ya Maji, na akimaliza akuandikie taarifa ya kisima: kina, matabaka, uwezo. Nakala moja iende ofisi ya bonde, nyingine ikae kwako. Kenya kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa Sheria ya Maji ya 2016; Zanzibar kaulize ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar.

Najua wengi wanaruka hatua hii. Hasara yake huiona siku jirani wa pili anapochimba mita tano kutoka ukutani kwako, na hakuna karatasi popote inayoonyesha kwamba wewe upo.

Hatua ya 3: Mahali penyewe

Kisima kikae mita 30 kutoka kwenye choo na karo la maji machafu, lako na la jirani, na kiwe upande wa juu wa mteremko. Kwenye viwanja vya mjini mita 30 mara nyingi hazipatikani. Basi usishuke chini ya 15, na hapo ufungaji wa sehemu ya juu ya kisima, nitakaoueleza sasa hivi, usifanyiwe mzaha hata kidogo. Acha pia nafasi ya gari kuingia siku ya kutoa pampu. Niliwahi kuona mtu amejenga banda la kuku juu ya kisima.

Hatua ya 4: Siku ya kuchimba usiende kazini

Kaa hapo na kiti chako. Kazi ya siku moja au mbili ndiyo itakayoamua maji ya miaka ishirini.

Dai sampuli ya udongo kila mita 1. Zipangwe chini kwa mstari, rundo kwa rundo, na kijiti chenye namba. Hata usipojua jiolojia utaona mwenyewe: mchanga mwekundu, mchanga mweupe, halafu mfinyanzi wa kijivu unaonata viatuni, halafu mchanga tena. Piga picha. Mfinyanzi huo ni rafiki, maana maeneo mengi ya Dar una kazi ya kutenganisha maji ya juu, yanayopokea uchafu wa vyoo vyetu, na maji ya chini yaliyo safi zaidi.

Hapa ndipo uharibifu mwingi hufanyika. Mabomba ya plastiki ya kesingi, yanayoshikilia kuta za kisima, yana yale mazima na yale yenye matundu membamba ya kuingizia maji, skrini. Fundi mwenye haraka huweka skrini tabaka la juu na tabaka la chini pia, "ili upate maji mengi". Anachokujengea ni njia ya maji ya vyoo kushuka mpaka kwenye tabaka safi, usiku na mchana, hata pampu ikiwa imezimwa. Na hayaharibiki ya kwako tu; tabaka hilo ndilo la mtaa mzima. Chagua tabaka moja, skrini ikae humo tu, na kwingine kote bomba zima.

Kuzunguka skrini huwekwa changarawe safi ya milimita 2 hadi 4 iliyooshwa. Ioshe kweli; iliyotoka moja kwa moja kwenye lori ina vumbi litakaloziba matundu. Changarawe ipite skrini kwa mita chache, kisha mahali lilipotobolewa tabaka la mfinyanzi parudishiwe mfinyanzi, na mita 3 hadi 6 za juu kabisa zizibwe kwa saruji kuzunguka bomba lote. Bomba lichomoze sentimita 50 juu ya ardhi, chini yake sakafu ya zege inayomwaga maji nje, juu yake mfuniko wa kufunga. Nenda ukahesabu mifuko ya saruji wewe mwenyewe. Kuna mahali nilikuta "saruji mita 6" ya kwenye karatasi ni sentimita 30 chini, na baada yake kifusi na chupa za soda.

Kuhusu kina: ukifika kwenye mchanga mzuri wenye maji baridi ya kukutosha, simama. Kuongeza mita kumi "za akiba" upande wa bahari ni kuisogelea chumvi kwa hiari yako. Upo ukweli kwamba kusini mwa jiji, Kimbiji na Mpera, serikali imechimba visima vya mamia ya mita na kupata maji mengi. Hilo ni tabaka jingine kabisa, na hesabu yake haifanani na ya kisima cha familia.

Hatua ya 5: Kuosha, kisha kupima uwezo

Kompresa ipulize mpaka maji yatoke meupe yasiyo na mchanga. Ijaze chupa, iache dakika kumi, tazama kitakachotulia chini. Kama kuna mchanga, waendelee.

Halafu kipimo cha uwezo. Mafundi wengi huvuta nusu saa, wakasema "kisima kina nguvu" na kuondoka. Kwa kisima cha nyumbani dai angalau saa 6 za kuvuta kwa kasi moja isiyobadilika. Saa 24 ni bora ukiweza kulipia mafuta. Mmoja apime kina cha maji: dakika ya 1, ya 2, ya 5, ya 10, ya 30, kisha kila saa. Mwingine achovye kipimo cha TDS kila saa. Unatazama mambo mawili. Je, maji yanashuka kisha yanatulia, au yanashuka tu bila kusimama? Na je, TDS inakaa palepale? Ikianza 380, ikawa 410, ikawa 470, ikawa 560, chumvi inapanda mbele ya macho yako. Punguzeni kasi kwa nusu, mpumzishe kisima usiku kucha, mrudie kesho. Pampu ikizimwa, endeleeni kupima jinsi maji yanavyorudi juu.

Kasi utakayotumia siku zote isizidi asilimia 60 ya ile iliyofaulu jaribio.

Hatua ya 6: Maabara

Peleka sampuli mbili katika maabara ya maji. Wizara ya Maji inazo mikoani, Dar es Salaam ikiwemo. Moja ni ya kemikali, kwenye chupa safi iliyosuuzwa kwa maji yaleyale. Ya pili ni ya vijidudu, kwenye chupa iliyotakaswa ambayo maabara yenyewe itakupa: acha bomba litiririke dakika 5, usiguse mdomo wa chupa kwa ndani, iweke kwenye boksi lenye barafu, ifike siku hiyohiyo.

Omba wapime kloraidi, naitreti na vijidudu vya kinyesi. Naitreti inatokana sana na vyoo. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita, na kuzidi hapo ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Kuchemsha hakuiondoi. Kuchemsha hakuondoi chumvi pia. Maji yanapungua sufuriani, chumvi inabaki. Floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, ni shida zaidi ya Arusha, Kilimanjaro, Singida na Shinyanga, lakini kama ni kisima kipya, pima mara moja ujue.

Ukikuta vijidudu, kisafishe kwa klorini. Kisima cha bomba la inchi 5 kina lita 12 hivi kwa kila mita ya maji. Chenye mita 30 za maji kina kama lita 370; humo weka gramu 60 za klorini ya unga ya asilimia 65, ikorogwe kwanza kwenye ndoo ya plastiki. Fungua bomba zote mpaka usikie harufu, funga, acha saa 12. Kisha vuta maji yote umwage mbali na bustani na karo mpaka harufu iishe. Pima tena baada ya wiki. Vikirudi, tatizo ni ule ufungaji wa juu au choo kilicho karibu, na klorini haitakusaidia.

Hatua ya 7: Pampu ndogo, tanki kubwa

Hapa ndipo mimi nilipopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Familia ya watu sita, pamoja na kufua na bustani ndogo, inatosheka na lita 600 kwa siku. Pampu yangu ya kwanza ilikuwa inatoa lita 3,000 kwa saa. Ilijaza mahitaji ya siku kwa dakika 12, nikawa naisifia kwa wageni. Maji kisimani yalishuka mita 2.4 kila ilipowaka. Pampu ya sasa inatoa lita 500 kwa saa. Kazi ileile inachukua saa moja na robo, na maji yanashuka sentimita 40. Lita ni zilezile 600! Kilichobadilika ni shimo linalochimbika ndani ya maji kuzunguka kisima, na chumvi hulifuata shimo hilo kwa chini.

Tafuta basi pampu ya kasi ndogo, na fedha iliyobaki itie kwenye tanki. Tanki la lita 2,000 linakupa siku tatu, hata umeme ukikatika, hata ukitaka kukipumzisha kisima. Juu ya tanki weka boya la kuzima pampu lenyewe likijaa. Tanki linalomwaga juu ya bati usiku wakati watu wamelala ni jambo la kawaida sana mitaani kwetu.

Pampu ya jua inafaa hasa, kwa kuwa huvuta taratibu mchana kutwa. Ubaya wake ni kwamba haina luku, na kisicho na luku hakuna anayekihurumia. Boya ni lazima.

Kama tayari una pampu kubwa na huna fedha ya kubadilisha, weka koki kwenye bomba la kutokea uibane. Pima kwa ndoo na saa: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika 2 na sekunde 24, uko kwenye lita 500 kwa saa. Usiibane kupita kiwango cha chini kilichoandikwa na mtengenezaji, maana mota ya kuzama hupozwa na maji yanayoipita, ikikosa huungua. Ikibidi, gawa maji kwa kiungo cha T, sehemu ipande tankini na sehemu irudi kisimani.

Mwisho wa hatua hii: usiizamishe pampu chini kabisa. Itundike mita chache tu chini ya kiwango cha maji kinachoshuka sana, na uweke kifaa cha kuizima ikikosa maji. Pampu iliyo juu haiwezi kushusha maji zaidi ya ilipo. Inakuzuia wewe na tamaa yako.

Hatua ya 8: Daftari

Pampu inapoteremshwa, mwambie fundi ateremshe pembeni bomba jembamba la robo tatu inchi mpaka karibu na pampu. Hilo ni la kupimia. Bila hilo, uzi wako utajisokota kwenye waya wa pampu na utajuta.

Kifaa cha kupimia ni uzi wa fundi uliopigwa mafundo kila mita, mwishoni umefungwa kipande kifupi cha chuma chenye uwazi chini, kinachopita ndani ya bomba. Unateremsha, unatega sikio. Kikigusa maji utasikia chubwi. Pandisha, teremsha tena uhakikishe, kisha pima uzi kwa futi kamba. Anayependa umeme atumie waya pacha uliochunwa ncha, ufungwe kwenye multimita, kile kipimo cha umeme. Ncha zikigusa maji, namba inaruka.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, asubuhi kabla ya pampu kuwaka, pima. Washa pampu saa moja, pima tena, na uchovye kipimo cha TDS. Soma mita ya maji kama unayo. Mstari wangu wa karibuni unasema: asubuhi mita 11.2, baada ya saa moja mita 11.6, TDS 420. Huo ni dakika tano za kazi, ukiacha ile saa ya kusubiri.

Mwaka mmoja utaona kisima kinapumua: maji yanapanda baada ya masika, yanashuka Septemba, yanapanda kidogo na vuli, yanashuka tena Februari. Usilinganishe Juni na Septemba, linganisha Septemba na Septemba. Kiwango cha asubuhi kikishuka mwaka hadi mwaka katika mwezi uleule, mtaa unavuta kuliko mvua inavyorudisha. TDS ikipanda kwa zaidi ya mia moja bila kurudi, punguza kuvuta leo hii. Ukisubiri ulimi wako ukwambie, umechelewa miezi mingi.

Hatua ya 9: Rudisha mvua ardhini

Dar es Salaam hupata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka. Bati la mita za mraba 100 hupokea lita 100,000. Ondoa yanayopotea, zinabaki 80,000. Nyumba yangu hutumia lita 219,000 kwa mwaka. Zaidi ya theluthi moja ya ninachovuta, basi, inanipita kichwani kila mwaka, na zamani yote ilikwenda mtaroni pamoja na mchanga wa barabara.

Kwanza jaza tanki. Yanayozidi yapeleke kwenye shimo la kuzamisha: upana mita 1.5, kina mita 2, chini mawe makubwa, juu yake kokoto, juu kabisa mchanga wa sentimita 30 unaoweza kukwanguliwa na kubadilishwa. Lita 100 za mwanzo za kila mvua baada ya kiangazi zimwagwe pembeni, hizo zina vumbi na kinyesi cha kunguru. Shimo likae mbali na karo na mita kadhaa kutoka msingi wa nyumba.

Usiyaingize maji ya bati moja kwa moja kwenye bomba la kisima. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa nia njema kabisa, na wakatia tope na vijidudu mahali ambapo mchanga haukupata nafasi ya kuchuja. Na kama uko bondeni, ambako masika maji hutokeza yenyewe sakafuni, shimo hili halikufai. Kati ya sakafu ya shimo na maji ya ardhini ziwepo angalau mita 1.5 za udongo mkavu.

Ukiwa na eneo, acha udongo wazi. Yadi nzima iliyofunikwa kwa zege inapendeza kufagia, lakini hainywi maji. Lamu wanalijua hili kuliko sisi: maji ya mji yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ndiyo maana watu wamepigania visijengwe hoteli.

Hatua ya 10: Ongea na majirani

Unaweza kufuata kila nililosema, na jirani wa upande wa bahari akakuharibia kila kitu. Maji hayajui ukuta.

Kinachofanya kazi, kwa nilivyoona, ni mambo madogo. Nyumba nne kutumia kisima kimoja chenye tanki kubwa badala ya kila mmoja kutoboa chake. Kupeana zamu: upande huu asubuhi, ule jioni. Kulinganisha madaftari kila baada ya masika. Sheria inaruhusu pia kuunda jumuiya ya watumia maji inayotambuliwa na bodi ya bonde, na jumuiya ina sauti ambayo mtu mmoja hana.

Jambo linalohitaji sauti hiyo ni maboza. Boza moja la lita 10,000 hubeba mahitaji ya nyumba kama yangu ya siku 16. Likijaza mara tano kwa siku kwenye kisima cha katikati ya makazi, hakuna daftari litakaloiokoa mitaa jirani. Biashara ya maji ni halali ikiwa na kibali chenye kiasi kilichoandikwa. Kaulizeni ofisi ya bonde kiasi hicho ni kipi. Msianze kwa ugomvi. Mwenye kisima naye anakunywa hayohayo.

Chumvi ikishaingia

Zima pampu wiki mbili, kisha pima TDS. Ikishuka, anza upya kwa kasi ya robo ya ile ya zamani. Kama kisima ni kirefu na skrini inafika chini sana, mchimbaji mzuri anaweza kuiziba sehemu ya chini kwa saruji, ukabaki na ile ya juu. Huku ukiendelea, maji ya chumvi yatumie chooni, maji ya bati jikoni, na mchicha mpe ya bati pia. Mnazi utavumilia. Usitarajie maajabu: chumvi inayoingia kwa miezi hutoka kwa miaka, na hutoka kwa mvua tu.

Ukikata tamaa nacho kabisa, usikigeuze karo. Mtaani kuna mafundi watakaokushauri hivyo, "shimo lipo tayari, bosi", na kwa ushauri huo kinyesi cha nyumba yako kitapelekwa moja kwa moja hadi mita 40 chini, kwenye maji wanayokunywa wengine. Toa pampu na waya. Jaza mchanga safi na changarawe kutoka chini hadi usawa wa mfinyanzi, hapo weka mfinyanzi, mita 3 za mwisho zege. Changu kile cha kwanza nilikifunga hivyo, nikaandika kwa msumari juu ya zege bichi tarehe, kina, na TDS ya siku ya mwisho: 2,900. Kisha nikaenda ofisi ya bonde na nakala ya karatasi zake, wakakifuta.